Kavu kama vumbi: tashbihi iliyowaonea watu wa nyaraka

Waingereza wana tashbihi mbili za ukavu ambazo wanafunzi wetu huzichanganya kila mara. Ya kwanza ni "dry as a bone", yaani kavu kama mfupa. Hiyo ni ya mambo ya maji: mto uliokatika, kisima kilichokauka, nguo iliyoanikwa hadi ikawa tayari kupigwa pasi. Ya pili ni "dry as dust", kavu kama vumbi, na hii haina habari na maji hata kidogo. Husemwa juu ya kitabu, mhadhara, hotuba, au mtu ambaye ukikaa naye nusu saa unaanza kutazama mlango. Mwingereza akikwambia kwamba mhadhiri fulani ni mkavu kama vumbi, usidhani bwana huyo ana kiu. Anasema kwamba anachosha.

Tashbihi hii ya pili nimeiona ikiingia katika Kiswahili chetu kwa mlango wa nyuma, hasa katika tafsiri na katika insha za wanafunzi wa chuo kikuu. "Somo la historia ni kavu kama vumbi," anaandika mmoja, na haoni tatizo. Tatizo lipo, tena ni mawili. Moja ni la lugha. La pili ni la historia yenyewe, kwa maana tashbihi hii ina kesi yake, na walioonewa katika kesi hiyo ni watu ambao sote tuna deni kwao.

Tuanze na lugha. Vumbi la Kiswahili halichoshi, linasisimua. Timu mbili zikikutana uwanjani, magazeti huandika kwamba zitatimua vumbi. Uchaguzi mdogo ukiwa na wagombea wenye nguvu, tunaambiwa kivumbi kinanukia, na mambo yakizidi huwa ni kivumbi na jasho. Palipo na vumbi pana vishindo na watu wanakimbia. Sasa ukimwambia mtu aliyelelewa katika Kiswahili kwamba kitabu fulani ni kama vumbi, si ajabu akakimbilia dukani kukinunua.

Na ukavu wetu nao una njia zake. Mkavu wa macho ni mtu asiye na haya. Kauka-nikuvae ni yule mwenzetu ambaye nguo yake ni hiyo moja tu, akiifua lazima aisubiri. Aliyekaukiwa na mate ameingiwa na hofu. Tukitaka kutia mkazo wala hatuhitaji kulinganisha. Tunasema kitu kimekauka kau, basi, kila mtu ameelewa. Na tukitaka kulinganisha, mwimbaji wa Zaburi ya 22 katika Biblia ya Kiswahili analinganisha nguvu zake zilizokauka na gae, na aliyekonda tunamfananisha na ng'onda. Lakini hotuba inayochosha, kwetu, si kavu. Ni chapwa. Haina chumvi. Maneno sisi tunayapima kwa ulimi, kama tunavyopima mchuzi.

Hapa Kiswahili kimejiwekea mtego, na napenda msomaji auweke akilini kwa sababu utatufaa hivi punde. Kitu chapwa dawa yake ni chumvi. Lakini kutia chumvi, katika Kiswahili hicho hicho, ni kuongeza mambo ambayo hayakuwapo.

Haya, sasa tuje kwenye historia. Tashbihi ya vumbi ni kongwe, lakini aliyeipa mwili, cheo na anwani ni Sir Walter Scott, mwandishi wa Scotland aliyefariki mwaka wa 1832. Scott alianza kutoa riwaya mwaka wa 1814 bila kuweka jina lake, na siri hiyo hakuitoboa hadharani hadi 1827. Katika miaka hiyo alijifurahisha kwa kubuni mabwana wa uongo wanaoandikiana barua, na barua hizo akazifanya dibaji za riwaya zake. Mmoja wao alikuwa kasisi, tena mwenye udaktari, mkazi wa Castle Gate mjini York, mwanachama wa jumuiya ya wachunguzi wa mambo ya kale. Jina lake Jonas Dryasdust. Likate jina hilo vipande vitatu na utaipata tashbihi yetu nzima.

Watu wa aina yake walikuwa wengi Uingereza zama hizo. Hawakuwa maprofesa. Walikuwa makasisi, mawakili na wenye mashamba, watu wenye nafasi na subira, waliokwenda wakinakili maandishi ya makaburini, wakipima magofu, wakikusanya hati za ardhi na sarafu zilizoliwa na kutu. Scott aliwajua vizuri. Riwaya yake ya 1816, The Antiquary, ambayo aliipenda kuliko nyingine zake zote, inamhusu mmoja wao aitwaye Jonathan Oldbuck. Huyu Oldbuck anatoa shamba lake zuri, eka kwa eka, ili apewe konde kame lisilo na faida, kisa ameamini kwamba mtaro uliomo ni mabaki ya kambi ya jeshi la Warumi. Siku moja anamleta mgeni pale, anamhutubia, anamtajia na jiwe lililochongwa herufi nne ambazo yeye amezisoma kwa Kilatini. Hotuba ikiwa imenoga anatokea ombaomba mzee, Edie Ochiltree, na kumwambia bila haya kwamba yeye anakumbuka kitu hicho kikijengwa. Ati walikijenga yeye na vijana waashi miaka kama 20 iliyopita, kwa ajili ya arusi, na zile herufi za Kilatini ni utani juu ya upawa wa bwana arusi!

Ni mzaha mtamu, na sijaona mwingine wa kuwachoma wasomi ulio bora kuushinda. Lakini ni mzaha wa mtu anayejicheka mwenyewe. Kabla ya riwaya, Scott alikuwa amezunguka mpakani mwa Scotland na Uingereza akikusanya nyimbo za masimulizi za wazee, akazichapisha mwaka wa 1802 na 1803. Nyumba yake ya Abbotsford aliijaza panga na ngao za kale. Na mwaka wa 1818 yeye ndiye aliyeomba ruhusa ya kufungua kasha lililofungwa ndani ya ngome ya Edinburgh tangu 1707, ambamo taji la wafalme wa Scotland lilisemekana kuwekwa. Wengi waliamini kwamba taji hilo lilikwisha kuibwa zamani. Kifuniko kilipovunjwa, taji likakutwa limelala humo humo. Ikiwa Dryasdust ni tusi, basi Scott alikuwa analitukana pua lake.

Riwaya ya Ivanhoe ilipotoka mwishoni mwa 1819, dibaji yake ilikuwa barua ndefu kwa Daktari Dryasdust. Wanaofundisha Kiswahili wangefaidika kuisoma, maana kiini chake ni suala la lugha: mtu anayeandika juu ya karne ya 12 atumie maneno gani? Scott alikuwa na sababu ya kuuliza. Miaka michache nyuma alipewa kazi ya kumalizia riwaya iliyoachwa na Joseph Strutt, bingwa wa mavazi na michezo ya Waingereza wa kale, ambaye alikuwa amefariki. Kitabu hicho, Queenhoo-Hall, kilitoka mwaka wa 1808 na hakikusomwa, kwa kuwa Strutt alikijaza mambo ya kale na msamiati wa kale hadi msomaji wa kawaida hakuona pa kukanyaga. Scott akajifunza. Katika barua ile anamtaja pia kijana Thomas Chatterton wa Bristol, aliyefariki mwaka wa 1770 kabla ya kutimiza miaka 18, ambaye alitunga mashairi mwenyewe na kudai kwamba ni ya mtawa wa karne ya 15. Kosa la Chatterton, anasema Scott, ni kuokota kila neno kongwe alilolikuta katika faharasa na kulipachika, ilhali watu wa kale nao walikuwa wakisema kwa maneno ya kawaida, mengi yao yakiwa haya haya tunayoyatumia.

Scott hakueleza kwa urefu ni nani aliyemkamata Chatterton, kwa hiyo nieleze mimi, kwa sababu ni habari inayotuhusu sisi watu wa sarufi. Ni Thomas Tyrwhitt, mhariri wa mashairi ya Chaucer, Dryasdust wa kweli kweli. Mwaka wa 1777 aliyachapisha mashairi yale. Mwaka uliofuata, 1778, akayachapisha tena, mara hii na kiambatisho kinachothibitisha kwa hoja za lugha kwamba mtunzi ni Chatterton mwenyewe. Miongoni mwa hoja zake ni hii: mshairi huyo wa karne ya 15 alikuwa akitumia maumbo ya wingi ya kitenzi mahali pa umoja. Hebu fikiria mtu ajitokeze leo na shairi ati la Lamu la miaka 300 iliyopita, alijaze Kiamu cha kamusi kila mshororo, halafu aandike "mtu walikwenda". Maneno yote ni ya kale, lakini upatanisho umemuumbua.

Kazi kama hiyo huwezi kuifanya bila kusoma mamia ya kurasa zinazochosha.

Mzaha wa Scott ulibadilika ulipofika mikononi mwa Mskoti mwenzake, Thomas Carlyle. Huyu alizaliwa mwaka wa 1795, alikuwa na kalamu ya moto, na kitabu chake juu ya Mapinduzi ya Ufaransa kilipotoka mwaka wa 1837 kilimpa jina kubwa. Carlyle alimchukua Daktari Dryasdust, akamvua tabasamu, akamfanya mshtakiwa. Mwaka wa 1845 alipotoa barua na hotuba za Oliver Cromwell, sura ya kwanza ya utangulizi wake ilibeba jina la kumpinga Dryasdust waziwazi. Malalamiko yake ni kwamba kumbukumbu za karne ya 17 zimezikwa chini ya lundo la karatasi, na wanaolilinda lundo hilo hawana macho wala moyo. Baadaye, katika kitabu chake kirefu juu ya Mfalme Frederick wa Prussia, akaendelea kumkaripia Dryasdust wa Kijerumani, pamoja na mambo mengine kwa kutoa vitabu vinene visivyo na faharasa. Kwa hilo la faharasa, mimi niko upande wa Carlyle moja kwa moja.

Haki yake nyingine tumpe pia. Cromwell alikufa mwaka wa 1658. Mwaka wa 1661 maiti yake ilifukuliwa na kichwa kikatundikwa mtini, na kwa karibu karne mbili jina lake lilikuwa jina la mnafiki. Carlyle alifikiri kwamba njia ya kumjua mtu ni kumwachia aseme mwenyewe, akakusanya maneno yake kutoka huku na huku. Watu wakasoma, wakamwona Cromwell mwingine. Hiyo si kazi ndogo. Na mazingira ya utafiti hayakuwa mazuri. Maktaba ya British Museum ilikuwa na vijitabu na magazeti kama 22,000 yaliyokusanywa na muuza vitabu George Thomason katika miaka ile ile ya vita na mapinduzi, 1640 hadi 1661, lakini hayakuwa na orodha ya kueleweka. Carlyle aligombana na msimamizi wa vitabu, Antonio Panizzi, akanung'unika juu ya ukumbi uliojaa watu na kelele zilizompa kichwa kuuma, na hasira hizo zilichangia kuanzishwa kwa London Library mwaka wa 1841, maktaba ya kuazima ambayo ipo mpaka leo.

Lakini sasa tazama anakula wapi. Kitabu chake cha 1843, Past and Present, kina sehemu ambayo wengi huiona ndiyo tamu kuliko zote, habari za Abati Samson wa Bury St Edmunds katika karne ya 12. Habari hizo alizitoa katika kumbukumbu za Kilatini za mtawa Jocelin wa Brakelond. Na kumbukumbu za Jocelin zilimfikia Carlyle kwa kuwa mwaka wa 1840 jumuiya iitwayo Camden Society ilizichapisha, na mtu mmoja, John Gage Rokewode, alikaa chini na hati ya kale akaisoma herufi kwa herufi. Rokewode ni nani leo? Ni nani anayemjua? Mpishi anasifiwa, na aliyelima, akapalilia, akavuna, akapura na kupepeta anaambiwa ana vumbi mwilini.

Turudi kwenye chumvi. Carlyle aliona maneno ya Cromwell hayatoshi yalivyo. Tahajia aliibadilisha iwe ya kisasa, vituo akavipanga upya, na ndani ya hotuba akapenyeza maneno yake mwenyewe kumpongeza mzungumzaji au kumwonyesha akishangiliwa na wasikilizaji. Aliyatenga kwa alama, kwa hiyo siwezi kumwita mwongo. Ila mtu aliyezoea kutia chumvi huwa hahisi tena chumvi ya wenzake, na mwaka wa 1847 jambo hilo lilimfika.

Mwaka huo alianza kupata barua kutoka kwa mtu wa Norfolk asiyemjua, jina lake William Squire. Squire alidai kwamba mzee wake wa kale alipigana katika jeshi la Cromwell na kuacha daftari la kumbukumbu, na kwamba yeye anazo barua 35 za Cromwell ambazo hazijapata kuonekana. Carlyle alitaka kuona karatasi zenyewe. Akaletewa nakala zilizoandikwa kwa mkono wa Squire, na maelezo kwamba asili zote zimechomwa moto. Rafiki yake Edward FitzGerald, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa tafsiri ya Omar Khayyam, alitumwa akamwone mtu huyo. Naye hakupata karatasi za kuona.

Hebu pima. Carlyle alijua maana ya karatasi kuungua. Mwaka wa 1835 mswada wa juzuu ya kwanza ya kitabu chake cha Mapinduzi ya Ufaransa, aliokuwa amemwazima rafiki yake John Stuart Mill, ulichomwa na mtumishi aliyeudhani ni takataka, ikabidi auandike upya wote. Pengine ndiyo sababu hadithi ya Squire ilimwingia. Kwa vyovyote, Dryasdust yeyote mjini York angemwambia jambo moja tu: hakuna asili, hakuna barua. Carlyle akazichapisha katika jarida la Fraser's Magazine la Desemba 1847, na baadaye akaziingiza katika kitabu chake kama kiambatisho.

Shaka zilianza mapema. Katika miaka ya 1880, Carlyle akiwa amekwisha kufariki, mjadala uliibuka upya kwenye jarida jipya la wanahistoria, English Historical Review, na safari hii barua zilipelekwa kwa watu wa vumbi. Wakafanya kile Tyrwhitt alichomfanyia Chatterton. Walipekua maneno na misemo, wakauliza kama watu wa miaka ya 1640 walisema hivyo. Walipekua majina ya askari. Leo barua za Squire hazihesabiwi na mtu miongoni mwa maandishi ya Cromwell. Mtu aliyemfanya Dryasdust kichekesho cha taifa ndiye aliyetapeliwa, tena kwa utapeli ambao Dryasdust angeugundua.

Mwaka wa 1904 kitabu cha Carlyle kilichapishwa upya kwa juzuu tatu. Mhariri alikuwa mwanamke, S. C. Lomas, mzoefu wa kupanga na kufupisha nyaraka za serikali, kazi ambayo haina makofi. Alizirudia barua moja moja, akazilinganisha na asili zake pale zilipopatikana, akasahihisha. Wakati huo S. R. Gardiner alikuwa amekwisha kuandika historia ya Uingereza kuanzia 1603 hadi 1656, mwaka baada ya mwaka, kutoka hifadhi za nchi kadhaa. Ukavu wake ulilalamikiwa na wasomaji wengi. Lakini ukitaka kujua jambo fulani lilitokea lini na nani alikuwapo, unamfungua Gardiner.

Sisi wa Kiswahili tuna Dryasdust wetu, ingawa hatumwiti hivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka wa 1840. Mashairi yake yalikuwa midomoni mwa watu, na midomo ya watu hufa. Kilichoyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, msomi wa Mombasa, aliyeyakusanya na kuyaandika pamoja na maelezo ya maneno na ya visa vilivyomo, akishirikiana na kasisi Mwingereza W. E. Taylor aliyefika pwani mwaka wa 1880. Karatasi hizo zilisafiri hadi London, zikakaa. William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka mwaka wa 1940, na mwaka wa 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatupa kitabu chake juu ya Muyaka. Kwenye mitihani yetu jina la Muyaka hutajwa kila mwaka. La Sikujua nimelisikia mara chache sana, na yeye angekuwa mtu wa kutafuta shairi "lenye chumvi" zaidi, leo tusingejua lipi ni la Muyaka na lipi ni la jirani yake.

Kuna jingine la kwetu, nalo si la mashairi. Mwaka wa 2009 wazee watano Wakenya waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London kwa mateso waliyopata kizuizini wakati wa Mau Mau. Ushahidi wa maandishi ulikuwa na mapengo. Wanahistoria waliokuwa wakiisaidia kesi, akiwamo David Anderson wa Oxford wakati huo, walikuwa wamekutana na barua za kiofisi za namna ambayo hakuna mtu huzisoma kwa raha: mambo ya maboksi, rafu na usafirishaji. Barua hizo zilionyesha kwamba faili zipatazo 1,500 katika maboksi 300 zilisafirishwa kutoka Kenya mwaka wa 1963 uhuru ukikaribia. Nyingine zilionyesha kwamba serikali ya Kenya ilikwisha kuomba zirudishwe, mwaka wa 1967, ikakataliwa. Anderson akaliandika hilo katika maelezo yake kwa mahakama mwishoni mwa 2010. Mapema 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba faili zipo, zimehifadhiwa Hanslope Park, pamoja na nyingine za makoloni mengine, jumla zikiwa kama 8,800 kutoka makoloni 37.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alisimama bungeni, akaeleza masikitiko ya serikali yake, na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa Wakenya 5,228. Ukiwaambia wazee hao kwamba orodha ya maboksi ni kavu kama vumbi, watakushangaa.

Sisemi kwamba kuchosha ni fadhila. Nimesimamia tasnifu nyingi, na ziko ambazo zilichosha bila kugundua lolote. Hizo hazina utetezi. Kadhalika Scott hakukosea alipomwambia Dryasdust, katika dibaji nyingine ya mwaka wa 1823, kwamba riwaya inaweza kumfanya msomaji akatafute historia ya kweli. Wangapi wetu tuliingia historia kwa mlango wa riwaya? Ila huko "kutafuta historia ya kweli" maana yake ni kwenda kubisha hodi mlangoni kwa Dryasdust, na lazima awepo mtu ndani.

Basi, kwa mtafsiri anayekutana na tashbihi hii, ushauri wangu ni mfupi. Kama mhusika analalamikia mhadhara au kitabu, andika "chapwa" au "hakina chumvi", kwa kutegemea anayesema ni msomi au ni mtu wa sokoni. "Kavu kama vumbi" ni tafsiri sisisi, iache. Kama ni jina la daktari wa Scott, libaki Dryasdust. Nimejaribu "Mzee Makabrasha", linachekesha, lakini linapoteza York yote. Na kama anayesema ni Carlyle, tia tanbihi chini ya ukurasa, umweleze msomaji habari za William Squire na barua zake 35.